Meryl Streep Alikuja Ngong, Lakini Shoo Iliibwa na Mtu wa Mlangoni

Wasee, wacha niseme mapema ndio mwenye kukasirika akasirike akiwa bado na bando: kwenye Out of Africa aliyeiba shoo si Meryl Streep, na wala si Robert Redford na zile nywele zake za dhahabu. Ni yule jamaa wa kilemba anayesimama hatua mbili nyuma ya Meryl karibu filamu nzima. Anafungua mlango, anatafsiri, ananyamaza. Anaitwa Malick Bowens. Kama jina hilo hulijui, hauko peke yako, na ndio maana leo nimeamua kuandika badala ya kurekodi video.

Kilichonisukuma ni zile orodha. Kila wiki kuna mtu anapost kumi bora wake wa walioiba shoo kwenye muvi, na kila wiki ni walewale: Heath Ledger kama Joker, Samuel L. Jackson na baga yake, Christoph Waltz na glasi ya maziwa. Sina ubaya nao. Lakini mimi naishi Kitengela, na kwenye kaunti hii hii ya Kajiado kamera za filamu kubwa zimekuwa zikiingia tangu kabla shosho yangu hajapata kitambulisho. Siku ambayo vumbi limetulia, panda juu ya gorofa yoyote huku, angalia ng'ambo ya mbuga, na utaona vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi. Vilima hivyo vimeonekana kwenye sinema za London na New York kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na kila mara kuna mtu mweusi pembeni ya picha ambaye nikimwangalia siwezi tena kumwangalia staring.

Neno staring nalitumia jinsi tulivyolijua tukiwa wadogo. Staring ni yule mkubwa, na kanuni inajulikana: staring hafi. Sisi tulijifunza filamu kwa DJ Afro, sio kwa vitabu. Unaketi kwenye benchi ndani ya kibanda cha mabati, filamu ni ya Kichina au ya Kihindi au ya Marekani, na juu ya sauti za waigizaji kuna huyu msee mmoja anaongea Kiswahili na Sheng bila kupumua, anakwambia nani ni nani na nani anataka kufanyia nani nini. Uzuri wa DJ Afro ni kwamba hakuwa na heshima ya mpangilio wa majina. Jambazi anayetokea dakika mbili tu anaweza kupewa jina la utani na tabia ya mtu wa mtaa wenu, na wiki nzima shuleni mnamuigiza yeye, sio staring. Kwa hivyo nikisema mtu ameiba shoo namaanisha hivyo. Kipande kiliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, kamera imewekwa kwa ajili ya huyo mwingine, lakini wewe ukitoka nje unamkumbuka huyu.

Sasa turudi nyuma kidogo, mpaka 1951.

Mwaka huo Waingereza walitoa filamu inaitwa Where No Vultures Fly. Mwelekezi alikuwa Harry Watt, staring Anthony Steel, na walipigia kambi Amboseli, hapa hapa Kajiado. Hadithi yenyewe ilichochewa na maisha ya Mervyn Cowie, yule mzungu aliyepigania mbuga za wanyama mpaka Mbuga ya Nairobi ikafunguliwa 1946. Ndio, hiyo hiyo mbuga ambayo upande wa huku haina ukuta, na simba wake hutoka wakaja kula mbuzi za watu Kitengela. Filamu ilipewa heshima ya kuonyeshwa mbele ya familia ya kifalme huko London. Na Mwafrika mwenye jina kubwa zaidi humo ndani aliitwa Orlando Martins. Mtu wa Lagos. Alikuwa mwigizaji mzuri aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Uingereza, akaletwa hapa kuwa "mwenyeji." Miaka mitatu baadaye wakaja na muendelezo, West of Zanzibar, na safari hii nafasi kubwa ya mtu mweusi ikaenda kwa Edric Connor, kutoka Trinidad.

Simlaumu Martins wala Connor. Walikuwa wanatafuta riziki kwenye biashara ambayo haikuwa na nafasi nyingi kwao. Ninachotaka mkishike ni mpango wenyewe: ardhi ni ya kwetu, ndovu ni wa kwetu, watu wa kujaza picha ni wa kwetu, lakini ikifika kwa mtu anayepewa maneno ya kusema, anaagizwa kutoka nje kama friji. Malick Bowens, huyu ninayemsifu tangu mwanzo, alikuwa mtu wa Mali. Farah Aden wa kweli, yule aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Karen Blixen, alikuwa Msomali. Kenya ya 1985 ilikuwa na Wasomali wangapi? Na bado akatafutwa mtu kutoka ng'ambo ya bara.

Lakini manze, walipata mtu.

Kama hujaiona Out of Africa, nitakupa kwa ufupi. Karen, mwanamke wa Denmark, anakuja Kenya 1913 kuolewa na ndugu wa mtu aliyempenda... hapana, wacha, hiyo sehemu ya ndoa ni ndefu na haina maana hapa. Ana shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, linamshinda, anampenda mwindaji anayeitwa Denys, Denys anakufa kwenye ndege, anarudi kwao 1931. Denys wa kweli, Denys Finch Hatton, alianguka na ndege Voi mwezi wa Mei 1931 na akazikwa kwenye vilima hivyo hivyo vya Ngong. Filamu ilielekezwa na Sydney Pollack na ikabeba Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora. Meryl aliteuliwa. Klaus Maria Brandauer aliyecheza mume wake aliteuliwa. Simba walisafirishwa kutoka California. Nadhani hiyo ndiyo sentensi moja inayoelezea Hollywood vizuri kuliko zote: kuleta simba Kenya.

Sasa angalia kipande cha shule. Karen ameamua watoto wa Wakikuyu walio shambani wasome. Chifu Kinyanjui, aliyechezwa na Stephen Kinyanjui, anakuja. Mzee hana haraka. Anaonyesha kwa mkono kimo fulani, na Farah anatafsiri kwamba mtoto aliyezidi urefu huu asifundishwe kusoma. Meryl anaanza kupandisha. Farah anamweleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini chai ni moto, kwamba haifai watu warefu wajue zaidi ya chifu, na watoto hawa watakapokuwa warefu, huenda chifu atakuwa ameshakufa. Na Karen akibisha, anakumbushwa kwamba huyu ni chifu, yeye si chifu.

Angalia macho ya Bowens hapo. Yeye ndiye mtu wa pekee ndani ya kipande anayeelewa pande zote mbili. Karen haelewi hesabu ya chifu. Chifu haelewi haraka ya Karen. Wote wawili wanapitia kwake, na anaamua mwenyewe ni kiasi gani cha ukweli kipite. Hapandishi sauti. Hatikisi mkono. Meryl Streep, mwanamke ambaye ukimpa lafudhi yoyote duniani anaikunja akaivaa, anafanya kazi ngumu sana hapo, na mimi namwangalia mtafsiri. Kuna pahali pengine chifu anasema, kupitia Farah huyo huyo, kwamba Waingereza wanajua kusoma, na imewasaidia nini? Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Shosho, ambaye tulikuwa tunaangalia naye, hakucheka. Alisema tu, "Huyo mzee anajua," akaendelea kuchambua njahi.

Halafu kuna Kamante. Kijana wa Kikuyu mwenye vidonda mguuni, aliyechezwa na Joseph Thiaka. Karen anataka aende hospitali. Kamante hakatai, maana angekataa ingekuwa ni mzungu dhidi ya mtoto na tungejua nani anashinda. Anasema huenda mguu wenyewe ni mjinga, huenda haujisikii kwenda. Karen anaingia kwenye mchezo: akiupeleka, atamwona kuwa mtu mwenye busara, na mtu mwenye busara hivyo angependa afanye kazi nyumbani kwake. Kijana anafikiria. Anauliza mtu mwenye busara kama huyo hulipwa mshahara gani. Akishajibiwa, anasema atazungumza na mguu.

Atazungumza na mguu! Huyo ni mtoto wa kijijini anabageni na Meryl Streep mbele ya kamera, na anaondoka na kila kitu: kipande, kazi na heshima yake. Ukitaka kujua mtu wa huku anavyosema hapana kwa tajiri bila kusema hapana, angalia hapo. Mama yangu huongea hivyo na landlodi.

Na mwisho. Stesheni ya treni, Karen anaondoka asirudi tena. Farah miaka yote hiyo amekuwa akimwita kwa cheo, kama walivyofundishwa. Karen anamwomba alitamke jina lake. Bowens anasita. Anaangalia, kisha analitamka jina, na palepale analifuatisha na kile cheo, kwa sababu ulimi umeshazoea au kwa sababu ameamua hatampa yote. Nimekiangalia kipande hicho mara nyingi na bado sijaamua ni lipi. Treni inaondoka na Meryl analia, na hiyo ni kazi safi, lakini swali lote la filamu liko kwenye uso wa yule anayebaki kwenye jukwaa la stesheni. Yeye anaenda wapi sasa? Filamu haina mpango wa kutuambia. Inaondoka na treni.

Hapo ndipo nampata mpinzani wa Bowens, na kwangu ndiye bingwa.

Mwaka 2001 Wajerumani walitoa Nirgendwo in Afrika, iliyoelekezwa na Caroline Link, kutoka kitabu cha Stefanie Zweig kuhusu utoto wake. Familia ya Kiyahudi inakimbia Wanazi na kuja kuishi kwenye shamba Kenya, mwaka 1938. Baba ni wakili, lakini huku sheria yake ya Ujerumani haimfai mtu, anasimamia ng'ombe wa mzungu mwingine. Filamu ilishinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Mpishi wao anaitwa Owuor, na aliyemcheza ni Sidede Onyulo. Mkenya. Hatimaye.

Onyulo anaongea Kiswahili filamu nzima. Kiswahili cha kawaida, cha mtu ambaye si lugha yake ya kwanza, hakina kona za kitabuni. Anamuuguza baba malaria inapomshika. Baba akipona anampa lile joho lake jeusi la mahakamani, kwa sababu huku halina kazi. Owuor analivaa. Mwigizaji mwingine yeyote angelifanya jambo hilo kichekesho, mpishi ndani ya joho la wakili, ha ha. Onyulo analivaa kama limemkuta mwenyewe. Mpaka unaanza kujiuliza ni nani kati ya hao wawili alistahili kulivaa tangu mwanzo.

Kipande changu ni kile cha kisima. Mama wa familia, Jettel, amefika juzi na masanduku ya vyombo vya kifahari na gauni jipya, na anamwamuru Owuor achimbe kisima. Owuor anamwambia yeye ni mpishi. Mpishi hachimbi ardhi. Basi. Hana hasira. Anaeleza tu jinsi dunia ilivyopangwa, na mtu anayepaswa kuaibika kwa kutojua ni huyo mgeni. Linganisha na Farah. Farah ana hekima, lakini hekima yake yote inafanya kazi kumsaidia Karen aeleweke. Owuor ana mipaka yake. Kuna mambo atafanya na mengine hafanyi, na akifanya yale ambayo si kazi yake, unajua ni kwa sababu amependa hawa watu. Familia ikihamishwa hadi Ol Joro Orok, anawafuata kwa miguu na mbwa wao. Na mwishoni, wao wakiwa tayari kurudi Ujerumani, yeye ndiye anayetangulia kuondoka na huyo mbwa. Hasubiri kuachwa jukwaani kama Farah.

Ndio maana nampa Onyulo ushindi.

Najua kuna mtu tayari anaandika: lakini wewe, hao wote si ni mahausboi? Ndio. Hapo sina pa kujificha. Farah ni msimamizi wa nyumba, Kamante anaishia kuwa mpishi, Owuor ni mpishi. Kuiba shoo ni jina zuri tunalompa mtu aliyepewa makombo akapika pilau. Mtu anaibaje kitu ambacho angepaswa kugawiwa? Nimelifikiria hili sana, kwa sababu ukilisifu vibaya unaishia kuwa kama wale wanaosema mtumishi wao ni "kama familia." Jibu langu, na si kamili, ni kwamba ukiacha kuwaangalia kwa sababu walibeba sinia, unamaliza kazi aliyoianza mtu aliyewapa sinia. Bowens na Onyulo walijua wanachofanya. Ilibidi ulimwengu wote ukae kimya sekunde chache uwaangalie, na wakatumia sekunde hizo.

Onyulo alifariki 2008. Kabla ya hapo alikuwa pia kwenye The Constant Gardener ya 2005, ile ya Fernando Meirelles ambayo Rachel Weisz alipatia Oscar ya mwigizaji msaidizi. John Sibi-Okumu yumo pia. Na Kajiado nayo imo, lakini kwa jina la mtu mwingine! Zile picha za ziwa la ajabu ambalo hadithi inasema ni Turkana, nyingine zilipigwa Ziwa Magadi. Magadi yetu, ya magadi soda, ya lori na joto la kuchemsha yai. Kaunti yetu imewahi kuigiza kuwa kaunti nyingine na dunia nzima ikaamini. Kama hiyo si kuiba shoo sijui ni nini.

Sasa, je, tukipewa nafasi ya staring?

Iko. Mwaka 1981 ilitoka Rise and Fall of Idi Amin, ya mwelekezi Sharad Patel, iliyopigwa Kenya. Amin alichezwa na Joseph Olita, mtu wa Siaya. Kusema ukweli filamu yenyewe ni ya rejareja, damu nyingi na haraka nyingi, lakini Olita anatisha. Anafanana na Amin mpaka unataka kuzima simu. Na kuna kitu ambacho sijaona kwenye filamu nyingine: Denis Hills, mwalimu Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa sababu ya maandishi yake, mpaka waziri wa mambo ya nje wa Uingereza James Callaghan akaenda Kampala kumchukua, humo ndani anajiigiza mwenyewe. Fikiria. Mtu aliyesimama mbele ya Amin wa kweli anasimama tena mbele ya Olita. Ukweli mtupu uko ndani ya kipande, na bado jicho linaenda kwa Olita.

Olita alirudi kuwa Amin tena kwenye Mississippi Masala ya Mira Nair, 1991, kwa muda mfupi. Halafu 2006 ikaja The Last King of Scotland, Forest Whitaker akacheza Amin na kupata Oscar. Whitaker ni fundi, simnyimi kitu. Alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo, akakaa Uganda. Lakini ukiuliza vijana wa rika langu nani alicheza Idi Amin, wote watasema Whitaker, na Olita alifariki 2014 wengi wetu tukiwa hatujui aliwahi kuishi hapa hapa Kenya.

Na 2010, The First Grader. Hii mnaijua, angalau ile hadithi. Kimani Maruge, mpiganaji wa Mau Mau, anajiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwezi wa Januari 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja tu baada ya serikali ya Kibaki kufanya shule ya msingi kuwa ya bure. Alifariki 2009, filamu ikiwa haijatoka. Mwalimu alichezwa na Naomie Harris kutoka Uingereza, na nafasi kadhaa kubwa zikaenda Afrika Kusini, yale mambo yetu ya friji. Lakini Maruge akapewa Oliver Litondo, Mkenya, aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari. Akirudishwa langoni kwa kukosa sare, mzee anakata suruali yake ndefu iwe kaptula, anavaa soksi, anarudi. Litondo anatembea na zile soksi kama jenerali. Tena kuna penseli. Kwa mtoto ni penseli tu ya kuchongwa. Kwake ni kumbukumbu ya alichofanyiwa sikioni kizuizini, na Litondo anakuonyesha hayo yote kabla filamu haijarudi nyuma kukueleza.

Ila hata yeye aliibiwa. Watoto wa darasani hawakuwa waigizaji, ni wanafunzi wa shule ya kweli huko Bonde la Ufa, na hakuna kitu Litondo au Naomie wangeweza kufanya mbele ya zile nyuso. Mtoto akicheka pale, amecheka kweli. Wazee wa Hollywood wana usemi kwamba usikubali kazi na watoto wala wanyama. Litondo alikubali, na naona alifurahia kuibiwa.

Hii ya kuibiana wenyewe ndiyo ninayoitaka. Mfano bora ni Nairobi Half Life ya 2012, ya David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza Kenya kuwahi kupeleka kwa Oscar. Joseph Wairimu ni Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD kwa kuigiza filamu zenyewe mbele ya wateja, anapiga kelele za bunduki kwa mdomo. Hapo tayari ni sisi, ni kibanda cha mabati kimepewa miguu. Anaingia Nairobi, anaibiwa, anakamatwa, na anajikuta kwenye seli akiambiwa aoshe choo ambacho sitakielezea kwa sababu wengine mnakula. Wairimu anakiosha kwa mbwembwe, anakigeuza jukwaa. Ni kipande chake. Kiliandikwa kwa ajili yake, na alishinda tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huo, kwa haki kabisa.

Na kwenye kona ya seli kuna Oti. Olwenya Maina. Anaangalia tu. Anampima huyu mshamba, unaona akianza kuvutiwa na bado hataki ijulikane. Hajafungua duka la vipaji, hana kilemba, hana sinia, hamtafsirii mtu yeyote. Hakuna mzungu kwenye chumba. Ni mwizi wa Nairobi anamwangalia mwizi wa kesho, na lugha ni Sheng, na hakuna aliyeomba ruhusa. Kuanzia hapo, kila Oti akiingia kwenye picha mimi namwacha Wairimu. Anavyotembea, anavyotania, jinsi hatari inavyokaa kwenye tabasamu lake bila kuamka. Wairimu alikuwa staring na alijua, na alimwachia nafasi, ambayo pia ni kazi ya staring mzuri.

Olwenya alifariki 2022. Siku hiyo mtandao ulijaa picha zake, na karibu zote zilikuwa zimeandikwa Oti, maana watu hawakuwa na lile jina lingine. Nimeliandika hapo juu. Olwenya Maina. Oteni picha zake tena, na safari hii muandike jina.